Zima hiyo flashi, unatuchoma picha

Mama amepiga magoti katikati ya jukwaa, barua mkononi. Taa zote zimezimwa isipokuwa moja ya rangi ya kaharabu inayomwangukia begani kutoka juu. Hasemi neno. Ukumbi umetulia hadi unasikia jirani yako akimeza mate. Halafu, kutoka safu ya nane, pwaa! Mwanga mweupe. Kuna msee amepiga picha na simu, flashi imewaka, na sasa ameinamisha kichwa kuangalia kama imetoka fiti.

Haijatoka fiti. Alichopata ni visogo vya watu watano wa safu ya saba, viking'aa kama vimepakwa unga, na mbele yao giza. Mama wa watu haonekani.

Kama wewe ni mtu wa kuhudhuria maonyesho hapa Nairobi, hii umeiona. Tangazo la kuzima simu na flashi hutolewa kabla ya mchezo, watu hucheka, wengine hata hupiga makofi, halafu dakika ya ishirini mambo ni yale yale. Wengi hawafanyi kwa dharau. Wanaamini tu kwamba gizani hakuna picha bila flashi. Lakini zile picha za jukwaani zinazokufanya ujute kukosa mchezo, karibu zote zilipigwa bila flashi, na nyingine zilipigwa na kamera ambayo ukiiona mtaani hungeipa heshima.

Tuanze na fizikia, na ni ya kidato tu, usiogope. Mwanga hudhoofika kwa mraba wa umbali. Ukisogea mbali mara mbili, unabaki na robo yake. Kataa ka simu yako kametengenezewa kumulika mtu aliye mita mbili hivi kutoka kwako, mkiwa kwa sherehe au mezani. Mwigizaji akiwa mita kumi na mbili, hiyo ni mara sita zaidi, kwa hivyo mwanga unaomfikia ni sehemu moja kati ya thelathini na sita. Wale wa safu ya saba nao wako hapo karibu, wanaula wote. Ubaya zaidi, simu ikijua kwamba flashi itawaka, inajipanga kana kwamba mwanga utatosha, na jukwaa lililokuwa likionekana vizuri kwa macho yako linazama kabisa.

Kwa hivyo hukupata picha. Sasa fikiria huyo mama pale juu. Macho yake yamezoea ule mwanga hafifu. Ukimpiga na mweupe wa ghafla, inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla hayajaona gizani tena sawasawa. Na jukwaa si sebule. Kuna ngazi zisizo na reli, kuna nyaya, kuna ukingo ambao chini yake ni shimo la mita moja na zaidi. Katikati ya matukio taa huzimwa zote na waigizaji hutembea wakifuata vipande vya mkanda vilivyobandikwa sakafuni. Mchezaji densi anayeruka na kuzunguka anategemea macho yake kujua sakafu iko wapi. Ndiyo maana nasema flashi inachoma picha kwa maana zote mbili: unaiunguza, na unajiaibisha.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Ile taa ya kaharabu iliyomwangukia mama begani haikujiweka. Kuna fundi wa taa aliyepanda ngazi mchana akaielekeza, akaweka rangi, akashuka akaangalia, akapanda tena. Alikubaliana na mwelekezi kwamba wakati wa barua, uso uwe nusu gizani. Flashi yako inafuta kazi hiyo yote kwa sekunde moja na kuweka badala yake mwanga bapa wa picha ya kitambulisho.

Na michezo yetu haidumu. Mchezo mwingi jijini huchezwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, basi. Miezi miwili ya mazoezi kwa siku tatu za hadhira. Jumatatu vifaa vinapakiwa kwa pikapu, na kinachobaki ni picha. Ukitaka kujua mchezo unavyoweza kupotea, kumbuka Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ulianza kuchezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Oktoba 1977 kwenye ukumbi usio na paa uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Baada ya wiki sita hivi leseni ikafutwa. Kabla mwaka kuisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka wa 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Kizazi chetu kiliuona ukirudi jukwaani mwaka wa 2022, katika Ukumbi wa Kitaifa, Kenya National Theatre, miaka arobaini na tano baadaye. Michezo mingine haina bahati ya kurudi. Anayepiga picha Jumamosi jioni anaweka kumbukumbu ambayo huenda hakuna mwingine anayeiweka.

Kupiga picha kwa mwanga uliopo si ujanja wa juzi. Mwishoni mwa karne ya 19 flashi ilikuwa unga wa magnesiamu, unawashwa, unalipuka kwa moshi na kishindo. Jaribu hiyo ukumbini uone kama hamtatoka wote mbio. Kisha mwaka wa 1924 Wajerumani wakatoa kamera ndogo iliyoitwa Ermanox, yenye lenzi ya f/2 na baadaye f/1.8, iliyomeza mwanga kiasi kwamba ungeweza kupiga picha ndani ya nyumba bila kulipua chochote. Mpiga picha Erich Salomon alijulikana kwa kamera hiyo. Mwaka wa 1928 aliificha ndani ya kofia akapiga picha mahakamani, kwenye kesi ya mauaji, mahali ambapo kupiga picha kulikatazwa. Alikuwa anatumia vioo, kimoja kimoja, akipiga anatoa anaweka kingine. Sisi tuna kadi inayobeba picha elfu mbili na bado tunalia eti kuna giza.

Hiyo f/1.8 ndiyo siri yenyewe. Namba hiyo inaeleza ukubwa wa tundu la lenzi, na ni namba ya kinyume: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi inayokuja na kamera dukani, ile ya 18-55, ukiivuta mpaka mwisho inafungua hadi f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida ni kati ya zile za bei nafuu kabisa utakazopata kwenye maduka ya kamera mjini, inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Mara kumi! Haivuti, kwa hivyo utavuta kwa miguu. Kwenye kamera zenye kihisi kidogo, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, inafanya kazi kama lenzi ya 75 au 80, na ukikaa safu ya tatu au ya nne inakupa mwigizaji kuanzia kiunoni kwenda juu. Kabla hujakopa doo ununue kamera mpya, nunua hiyo lenzi. Au azima. Wapiga picha wa jiji hili huazimana vitu kuliko wanavyokubali.

Baada ya tundu, kuna kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho lake. Hapa ndipo wengi huogopa giza, wanaacha kamera ijichagulie, inachagua moja kwa kumi na tano, na mwigizaji anatoka kama jini. Mtu anayezungumza akiwa amesimama utamshika kwa 1/125. Akiwa anarusha mikono, nenda 1/200. Densi, vita, mbio, utahitaji 1/500 au uridhike na mikono yenye ukungu, ambayo wakati mwingine inapendeza kwa sababu inaonyesha mwendo, ila uso lazima ubaki mkali.

Mwanga ukikosekana baada ya hapo, panda ISO. Anza 1600, nenda 3200, nenda 6400 kama kamera yako inaweza. Picha itakuwa na chembechembe, na chembechembe ndizo zinazowatisha watu bure. Chembechembe zinaweza kupunguzwa kwa programu, na kwa simu ambayo ndiyo watu wataangalia picha, hazionekani hata. Picha iliyotikisika ni vigumu zaidi kuirekebisha kwa programu. Ukilazimika kuchagua kati ya chembe na ukungu, chukua chembe.

Ukitaka namba za kuanzia, hizi hapa: f/2, shata 1/160, ISO 3200, faili za RAW. Piga moja, angalia, rekebisha. Kila ukumbi ni tofauti, na kila tukio ndani ya mchezo mmoja ni tofauti.

Sasa tufike pale ambapo moyo wangu uko, yaani ngozi zetu.

Mita ya kamera ni kifaa kijinga kwa njia moja. Inaamini kwamba dunia yote, ukiichanganya pamoja, ni kijivu cha wastani. Jukwaani, nyuma ya mwigizaji kuna pazia jeusi linalojaza robo tatu ya picha. Kamera inaona weusi huo, inasema “hapa pana giza mno”, inaongeza mwanga mpaka pazia liwe kijivu. Uso uliokuwa chini ya taa unaungua, paji la uso linakuwa doa jeupe, na rangi ya mtu inatoweka. Mwigizaji mweusi tititi, aliyekuwa aking'aa kama shaba ile usiku, kwenye picha anageuka kijivujivu kama aliyelala kwa majivu. Tukio lifuatalo wanaweka shuka jeupe lenye mwanga nyuma, na kamera inafanya kinyume: inapunguza, na uso unakuwa kivuli chenye meno.

Suluhisho ni kuinyang'anya kamera uamuzi. Weka kwa mkono, au kama unaacha ijisaidie, punguza mwanga kwa hatua moja au mbili kukiwa na pazia jeusi. Pima mwanga kutoka usoni, kwa doa dogo, usipime ukumbi mzima. Kisha ujiulize swali rahisi: yule mtu yuko mweusi kiasi gani kwa macho yangu? Picha ikimfanya mweupe kuliko alivyo, imekosea, hata kama inapendeza Instagram.

Hili lina historia yake. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilituma kwa maabara za kusafisha picha kadi ya rangi yenye sura ya mwanamke mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley, kutokana na jina la mfanyakazi aliyepigwa picha ya kwanza. Fundi alirekebisha mashine hadi Shirley apendeze, na sisi wengine tutoke tutakavyotoka. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyosukuma filamu kuboreshwa ni ya watengenezaji chokoleti na fanicha za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia zilikuwa zikitoka vibaya kwenye matangazo. Chokoleti, wasee. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Na bado mwaka wa 2021 Google walipotoa Pixel 6, kamera inayoonyesha ngozi nyeusi ilivyo ilikuwa jambo la kutangaziwa dunia.

Kwa hivyo unapozima ile hali ya “urembo” kwenye simu yako, ambayo kazi yake kubwa ni kupauka watu, unafanya jambo la maana. Mwanga wa jukwaani unaipenda ngozi nyeusi kuliko mtu yeyote alivyokuambia. Taa ikitoka pembeni, shavu linashika mwanga kwenye mfupa, jasho linachora shingo, na vivuli vinakaa mahali pake. Wewe ni kutouharibu tu.

Taa za LED ni shida ya aina yake. Zile za zamani za waya wa moto zina rangi ya njano iliyotulia, kama kelvini 3200, na kamera inazielewa ukiiambia. LED ni kigeugeu. Kwanza, fundi akiweka nyekundu tupu au bluu tupu, kihisi cha kamera kinajaa rangi hiyo moja na uso unakuwa kama umekatwa kwa karatasi, hauna pua wala kunyanzi. Punguza mwanga kwa hatua moja zaidi ya kawaida na utumie RAW. Kama bado haiwezekani, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, na mara nyingi utashangaa kilichokuwa kimejificha mle. Au subiri. Ile nyekundu haidumu, itabadilika.

Pili, LED nyingi hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka kuliko macho yanavyoona. Kamera inaona. Ndiyo hiyo mistari ya giza inayokata picha kama mapazia ya dirisha. Huzidi ukitumia shata ya kimya ya kielektroniki, ambayo kila mtu huipenda ukumbini kwa sababu haina sauti. Jaribu kwanza kabla mchezo kuanza: picha tano za jukwaa tupu lililowashwa taa. Ukiona mistari, rudi kwenye shata ya kawaida au punguza kasi. Na kama ni mirija ya floresenti, umeme wetu wa hezi 50 huifanya iwake na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa hivyo 1/100 au 1/50 huleta amani.

Mirija utaikuta wapi? Kwenye michezo ya vitabu vya shule. Kama unaanza na hujui pa kuanzia, hapo ndipo. Makundi ya waigizaji huzunguka na tamthilia za KCSE, siku hizi Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na huchezea kumbi za mijini au hata ndani ya bwalo la shule, harufu ya githeri bado iko hewani. Ni mchana, madirisha yako wazi, mwanga ni mwingi ingawa umechanganyika. Utajifunza kumfuata mwigizaji bila kuhangaika na giza. Ila kuna wanafunzi humo, na hapo uwe mwangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na sura ni taarifa. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data alipiga shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na baa moja Sh1.85 milioni kwa picha ya mteja aliyekuwa akijivinjari. Piga jukwaa. Hadhira waache watazame.

Ukishapanga namba, kinachobaki ni kusubiri, na kusubiri ndiko kunakotenganisha wapiga picha. Hata mwigizaji mwenye pupa kiasi gani huwa na mahali anapotulia. Anainua mkono, unafika juu, unasimama kidogo kabla ya kushuka. Anageuka, anamtazama adui, anashikilia. Mwisho wa sentensi nzito kuna pumzi. Ukipiga hapo, hata 1/80 inatosha, kwa sababu mtu amesimama kama sanamu kwa nusu sekunde. Ukipiga katikati ya neno unapata mdomo umepinda na macho yamefumba, na hakuna mwigizaji atakayekushukuru kwa hiyo.

Lakini utajuaje pumzi iko wapi? Utauona mchezo kwanza. Nenda mazoezi ya mwisho, yale yenye mavazi na taa kamili, usiku mmoja kabla ya kufungua. Hapo hakuna hadhira, unaweza kutembea, kupiga magoti mbele ya jukwaa, kusikia shata yako ikilia bila mtu kukukodolea. Wapiga picha wengi wa jukwaani hupata picha zao bora usiku huo, halafu siku ya onyesho wanakaa mahali pamoja na kutafuta kitu kimoja tu ambacho mazoezi hayana, yaani mwigizaji anayejua anatazamwa. Usoni kuna tofauti. Ukiangalia picha za usiku hizo mbili kando kwa kando utaiona.

Zungumza pia na fundi wa taa. Hili watu hawalifanyi na mimi sielewi kwa nini. Ni yeye anayejua kwamba dakika ya arobaini kuna mwanga mmoja mzuri unaodumu sekunde nane. Mwulize, mnunulie chai, atakuonyesha kwenye karatasi yake.

Kama una simu tu, usife moyo. Zima flashi, na uhakikishe ni kuzima kabisa, isiwe ile ya kujiamulia. Zima pia hali ya usiku, kwa sababu inachukua picha kadhaa kwa sekunde mbili tatu na kuziunganisha. Ni nzuri kwa jengo la KICC, ni mbaya kwa binadamu anayetembea. Shikilia kidole kwenye uso wa mwigizaji mpaka fokasi ijifunge, kisha teremsha kale kajua kadogo mpaka paji la uso liache kuungua. Usivute kwa vidole. Kuvuta huko mara nyingi ni kukata picha tu, na unaweza kukata baadaye nyumbani. Egemeza viwiko kifuani. Kaa karibu na jukwaa, kwa pembeni. Picha ya watu wote wakiwa wamesimama na taa zote zimewaka itatoka vizuri hata na simu ya bei ya chini, na wakati wa hiyo ni mwishoni, wanapoinama kuaga.

Halafu skrini. Naomba. Skrini ya simu gizani ni taa ya pili, na walio nyuma yako wamelipa tiketi kama wewe. Shusha mwangaza hadi chini kabisa. Mwenye kamera azime ile picha inayojitokeza kila baada ya kupiga, azime mlio wa fokasi, na azime kale kataa ka rangi ya chungwa kanakosaidia kamera kutafuta shabaha, ambako watu wengi hawajui kapo hadi mwigizaji akapate jichoni. Vaa nguo nyeusi. Usisimame katikati ya wimbo. Hodi kwa mwelekezi mapema, kwa maandishi, uambiwe unaweza kukaa wapi, na ukiambiwa tukio fulani lisipigwe, lisipigwe.

Maandishi hayo yatakusaidia pia upande wa pesa. Watu wa maigizo hawana pesa, hilo linajulikana, na wengi watakuambia utalipwa kwa kujulikana. Kuna mtayarishaji mmoja, simtaji, alichukua picha zangu arobaini, akazitumia kwa mabango ya mchezo uliofuata, na jina langu halikuwa popote. Kisheria watu wengi hudhani mpiga picha ndiye mwenye picha siku zote. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo kubalianeni vingine. Mistari mitatu kwa WhatsApp inatosha kuanzia: picha ni zangu, nyinyi mnaruhusiwa kuzitumia kwa hiki na kile, na jina langu liandikwe.

Deni hilo la majina ni lako pia. Ukituma picha, usitume “IMG_4471”. Andika jina la mchezo, ukumbi, tarehe, mwigizaji aliye kushoto, aliye kulia, mwelekezi, na fundi wa taa. Pata tahajia sahihi kutoka kwa karatasi ya programu kabla hawajazifagia Jumapili usiku.